Ile 0,3% hapana zawadi



Tumechoka kuona jambo hili. Kompanyi inapaka rangi masomo ya vyumba viwili, inaita televizyo, watoto wanaimba, bakubwa wanapiga foto, na sisi tunapiga makofi. Kiisha tunaambiwa: kompanyi imewapatia zawadi. Sisi wa sendika tunasema wazi, ile hapana zawadi. Ni deni.

Code minier, ile iliyobadilishwa tarehe 9 machi 2018, inasema kompanyi yenye kuchimba lazima itoshe, kwa uchache, 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii yenye kuguswa na mine. Tupige hesabu. Kompanyi ikiuzisha shaba na kobalti ya dolari 1 000 000 000, deni lake ni dolari 3 000 000. Tena inahesabiwa juu ya mauzo, hapana juu ya faida. Hata wakilia kama mwaka huu wamepata hasara, ile feza inapashwa kutoka. Sasa vyumba viwili na ndoo ya rangi, ni dolari ngapi?

Na feza ile hapana ya direktere kugawa sawa vile anapenda. Sheria imeiwekea organe yake, na wajumbe wa jamii wanakaa mule pamoja na wa kompanyi. Kuko tena « cahier des charges », karatasi ambamo kompanyi inaandika na jamii kazi gani itafanya, wapi, na kwa muda gani. Lakini uliza mu quartier: mjumbe wetu njo nani? Watu wanatazamana. Uliza ile karatasi iko wapi: iko mu biro, kwa Kifaransa, mu armoire ya kufungwa na funguo.

Redevance minière ni kitu kingine, musichanganye. Ile, 50% inaenda Kinshasa, 25% kwa jimbo, 10% mu mfuko wa vizazi vya kesho, na 15% kwa commune, secteur ao chefferie ya pahali wanachimba. Kwa hiyo burugumesita naye yuko na maswali ya kujibu, hapana kompanyi peke yake.

Wazee watatuambia: wakati wa Gécamines hatukupiga hesabu hizi. Kweli, kulikuwa masomo, lopitali, na unga ya posho. Kazi njo baba, kazi njo mama. Lakini baba alipoanguka, nyumba nzima ilianguka naye. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walirudishwa kwao kwa ile waliyoita « départ volontaire », na watoto wengi wakaacha masomo. Hatutaki kuzaliwa mara ya pili na kompanyi. Tunataka lopitali na masomo ya jamii yenyewe, yenye kubaki siku madini itaisha na makamyo yataondoka.

(Na mule mule mu jamii muko mfanyakazi wa sous-traitance, mushahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Kisima kipya hakifuti ile.)

Basi, mbele ya kupiga makofi tena, ombeni kopi ya cahier des charges, kwa Kiswahili. Kompanyi ikikataa, andikeni barua, bote mutie sahihi, kopi moja kwa gavana. Delege wetu wako tayari kuisoma pamoja na ninyi, siku ya Mungu nyuma ya misa ao ibada, hata chini ya muembe.