Mkate wa nyama na jibini ni chakula cha jioni

KAULI YA JUMAPILI
Na Rukia Mwinyimkuu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mkate una saa zake. Asubuhi unapewa heshima yote, unakaa katikati ya meza pembeni ya chupa ya chai. Uuweke mezani jioni, hata ukiwa umeshiba nyama na jibini linachuruzika, utasikia sauti kutoka kwenye kochi: "Haya, chai tumekunywa. Chakula kiko wapi?"

Chakula ndicho hicho.

Mama anatoka kazini saa kumi na moja, foleni ya Mbagala inamla, anafika kwake saa moja na nusu. Watoto wataamka alfajiri kuwahi basi la shule. Sasa mwambie aanze mchuzi wa ng'ombe. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa wafugaji: kala nyasi, katembea masafa marefu, kachinjwa akiwa mtu mzima. Nyama yake ni tamu, sikatai, lakini inataka saa nzima ya moto, pengine na zaidi, ndipo meno yaiweze. Ikisagwa, mashine inakuwa imeshazikata zile nyuzi ambazo moto ungezilainisha polepole. Robo saa, imeiva.

Na moto ni pesa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri. Ila mazungumzo yote ni ya mtungi na jiko, na hakuna anayeuliza kuna nini sufuriani. Mtungi mdogo ukiupa kazi ya maharage makavu leo na makongoro kesho, utakwisha kabla ya mshahara, na gunia la mkaa litarudi uani. Vyakula vya dakika 20 vinastahili kuwa sehemu ya mjadala huo.

Wanaosema haya ni mambo ya kuiga Wazungu wanyamaze kidogo. Nyama ya kusaga yenye thomu, tangawizi na ndimu tumeijua kwenye sambusa tangu utoto. Mkate mayai wa pwani ni unga uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai. Nenda Forodhani, Unguja, usiku wowote, uwaone wanaume wazima wakipanga foleni ya Zanzibar pizza: nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini la kupaka, vyote ndani ya chapati nyembamba. Wanalipa, wanashukuru, wanaongeza pilipili. Kitu hicho hicho akikitengeneza mke nyumbani kwa mkate wa dukani kinageuka kitafunwa!

Kuhusu ugali wa mababu, mahindi nayo yaliletwa. Yalitoka Amerika, Wareno wakayafikisha pwani yetu, na kabla yake mababu walisonga mtama, uwele na ulezi.

Tuingie jikoni, maana ubaya wa chakula hiki mara nyingi ni wa mpishi. Kwanza buchani. Usichukue ule mlima wa nyama iliyosagwa tangu asubuhi ikangoja kwenye kioo. Chagua kipande mwenyewe, bega au shingo lenye mafuta kidogo, kisagwe ukiona. Kipande kizima vijidudu vyake vingi hukaa juu. Mashine huviingiza ndani kote. Kwa hiyo nyama hii ipikwe siku hiyo hiyo na iive kabisa, isibaki wekundu. Wenye kipimajoto waisubiri ifike nyuzi 71.

Kikaango kipate moto kwanza. Weka nyama bila mafuta, na chumvi, thomu, tangawizi na ndimu. Itatoa maji, na hapo ndipo wengi huipakua, ikiwa ya kijivu na imejichemkia tu. Acha maji yakauke hadi usikie inaanza kukaanga kwa mafuta yake yenyewe, ishike rangi ya kahawia chini, ndipo uigeuze. Sambusa ingeishia hapo kwa kitunguu na kotmiri. Mkate unataka gundi, kwa hiyo tia kijiko cha nyanya ya kopo, vinginevyo nusu ya nyama itaishia mapajani mwa watoto.

Boflo la jana ni bora kuliko la leo. La leo linalowana na kuchanika. Paka siagi upande wa nje, panga jibini lililokwaruzwa, nyama, kisha jibini tena, ufunike kwa kipande cha pili. Jibini likae juu na chini, ndilo linaloshika nyama. Kisha chuma cha chapati, moto mdogo, ugandamize kwa sufuria ndogo yenye maji. Likishika rangi, geuza na ufunike ili mvuke uyeyushe kilichobaki. Pembeni weka kachumbari ya kabichi.

Bei ya jibini ndiyo hoja nzito. Ni ghali, kweli, lakini likikwaruzwa gramu 100 zinatosha watu wanne. Na si lazima litoke Ulaya: Njombe wanatengeneza, Kenya wanatengeneza, na jibini la milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, lina jina kubwa Goma na mbali zaidi. Anayesumbuliwa tumbo na maziwa ajaribu jibini gumu lililokomaa. Sukari ya maziwa ndani yake ni kidogo sana.

Hoja moja nawaachia wapinzani wangu: ngano nyingi tunayokula tunaiagiza nje, kwa hiyo sitaki mkate ushike kila jioni. Mara moja au mbili kwa wiki, siku zile ambazo foleni imemaliza kila mtu, inatosha.

Baba mwenye nyumba, jioni utakayowekewa sahani hiyo, kula kwanza kabla hujauliza chakula kiko wapi. Ukiwa bado unautaka ugali saa tatu usiku, unga uko kabatini na jiko halijapoa.