Mfikishe Mwanao Mpaka Mlangoni, Siyo Mpaka Ukumbini



Mwezi huu nimealikwa harusi tatu, na zote tatu biharusi anavuka maji kwenda bara. Mmoja Tanga, mmoja Morogoro, na wa tatu, ambaye ndiye aliyenifanya nikae kitako niandike, anakwenda Kibiti. Tena siyo Kibiti mjini. Anakwenda ndani huko, kwenye delta ya Rufiji. Katika kikao cha wanawake niliuliza nani anampeleka. Nikajibiwa kwa furaha kwamba Coaster mbili zimeshakodiwa, sare ni zambarau, na mpiga picha atatokea Dar. Nikauliza tena: baba yake au mama yake, nani anakwenda? Nikatazamwa kama niliyetukana. "Mama wa biharusi aende wapi? Mama hafuati mtoto."

Basi leo nasema, na wa kununa anune. Mzazi aende. Baba aende, au mama aende, na akifika asiishie ukumbini. Avuke mpaka mlango wa nyumba atakayolala mwanawe, akione chumba, alijue jina la kitongoji, na akirudi kisiwani awe anaweza kwenda tena peke yake bila kushikwa mkono na mtu.

Mtaniambia ni mila. Haya, tuizungumze mila. Mila ya mwambao ilivyokuwa, bwana harusi ndiye aliyeingia nyumbani kwa kina biharusi, akakaa fungate la siku saba, na somo yupo, na mama yupo ukuta wa pili anapika uji. Fungate likiisha, msichana akihamia kwa mume, alihamia vichochoro viwili mbele. Mama hakumfuata mtoto kwa sababu hakuwa na haja ya kumfuata. Asubuhi akimtuma mtoto mdogo kuomba chumvi, habari zote zimefika. Akilia, jirani anasikia. Na jirani ni shangazi yake. Mila ya mtaa mmoja leo tunaitwisha safari ya boti, basi, bodaboda na mtumbwi, kisha tunajisifu kwamba tumehifadhi heshima. Heshima ipi? Tumebakisha lile neno "hafuati" na kutupa yote yaliyolifanya liwe na maana.

Wengi wenu hamjapita njia hiyo, kwa hiyo niipitishe hapa. Ukishuka boti Dar unakwenda Mbagala Rangi Tatu, unachukua gari za Kusini. Unapita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, kisha Jaribu Mpakani, na hapo ndipo unaingia wilaya ya Kibiti. Mpaka hapo ni safari njema, lami, korosho za kukaanga dirishani. Mbele kidogo ni Bungu. Wanaokwenda Nyamisati wanaiacha barabara kuu hapo, na wenzetu wa Mafia wanapajua vizuri, maana ndiko wanakopandia kivuko kwenda Kilindoni. Wengine wanaendelea Kibiti mjini, Ikwiriri, mpaka daraja la Mkapa. Wazee wanakumbuka kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja, magari yalivyokuwa yakipanga foleni Ndundu kungoja kivuko, na mto ukichafuka ndiyo mmelala hapo hapo.

Lakini delta haiko kwenye barabara. Maparoni, Kiongoroni, Salale, Mbuchi, Msala: hizo ni kata za wilaya hiyo hiyo ya Kibiti, na huko gari yako ya sare haifiki. Mto Rufiji unapokaribia bahari unachanikachanika kuwa mikono mingi, katikati yake kuna msitu wa mikoko ambao hakuna mkubwa kuliko huo pwani yote ya Afrika Mashariki, na vijiji vimekaa humo. Ukimuuliza mwenyeji ni mbali kiasi gani, hakutajii kilomita. Anakuuliza maji yakoje leo. Maji yakijaa mtumbwi unakata njia ya mkato kwenye vijito. Yakipwa unakaa kwenye tope mnangoja. Kuna siku za bamvua na kuna siku za maji mafu, na mgonjwa au mja mzito naye anapangiwa safari kwa kalenda hiyo hiyo. Viatu vya kisigino mlivyomnunulia Darajani, mwekeeni tu kwenye sanduku.

Na si hivyo tu. Wakulima wa mpunga wa Rufiji wana nyumba mbili, na hili wengi wa mjini hawalijui. Msimu wa kuamia ndege ukifika, na nguruwe na tumbili wakianza kuushambulia mpunga, familia inahamia shambani, inakaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Wiki nyingi. Hiyo ni maisha yao na ni kazi ya heshima. Wali mnaokula mkausifia unatoka kwa watu kama hao. Lakini mtoto aliyekulia Mwanakwerekwe, ambaye ameambiwa "nyumba ipo, ya bati, vyumba vitatu", ana haki ya kujua kwamba kuna miezi nyumba yenyewe ni ngazi na miti. Nani atamwambia? Bwana harusi kwake ni jambo la kawaida, halimpiti hata akilini kulitaja. Mshenga kazi yake ni kupatanisha, si kukagua. Wanawake wa Coaster watakula pilau Kibiti mjini, watacheza, watapiga picha, na kabla ya alasiri dereva anapiga honi. Anayeweza kwenda kuona na kuuliza bila kuonekana mdaku ni mzazi.

Kuna msichana wa mtaani kwetu, jina lake naliacha, aliolewa huko kwa mtindo huu huu. Msafara mkubwa, shangwe, video nzuri mno. Msafara uliishia Kibiti mjini kwenye nyumba ya ami yake bwana harusi. Baada ya hapo yeye na mumewe wakaendelea kwa bodaboda, kisha mtumbwi, wakafika usiku. Mume alikuwa mtu mwema na bado ni mwema, nisisingizie mtu. Mwezi wa nne mwaka 2024 ukaja. Mnakumbuka mafuriko ya Rufiji na Kibiti, tuliyaona kwenye taarifa ya habari: mashamba bahari, nyumba zimezama mpaka madirishani, watu wanahamishwa kwa boti. Mama yake akapiga simu, haipatikani. Akapiga ya mkwewe, haipatikani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alichokijua mama yule kuhusu makazi ya mwanawe lilikuwa neno moja: Kibiti. Kibiti ni mji, na Kibiti ni wilaya nzima! Baba akafunga safari, akafika stendi akawa anauliza watu kama anayetafuta mbuzi aliyepotea, "mnamjua fulani bin fulani, mkulima?" Wakulima wa mpunga ni wote. Siku tatu alizunguka. Alhamdulillah, msichana alikuwa salama na wakwe zake kwenye kijiji cha mwinuko, simu tu zilikosa moto. Lakini zile siku tatu, mama yake hakula. Na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya Kusini ikakatika huko upande wa Lindi, na moyo ukaanza upya.

Hapo ndipo ninapowauliza wanaosema mzazi kufika ni kumvunjia heshima bwana harusi: heshima ya yule bwana ingepungua nini kama baba mkwe angekuwa anaijua gati, anamjua mwenye mtumbwi kwa jina, na ana namba ya mwenyekiti wa kitongoji kwenye simu yake?

Wengine mtanijia na dini. Njooni. Sijasema mzazi ni lazima kama mahramu. Mume ni mahramu tosha wa safari, na ndoa ikishafungwa anamchukua mkewe bila kuomba kibali kwangu. Nazungumzia ihsani na haki. Sura ya Talaq, aya ya 6, imeamrisha wanawake waliotalikiwa wakalishwe pale wanapokaa waume zao kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasidhuriwe kwa kutiwa katika dhiki. Wanazuoni wakasema: ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliyemo ndani ya ndoa anayo zaidi. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kulingana na hali yake. Makazi ni haki ya mke. Haki ambayo upande wake hakuna aliyeiona kwa macho, itadaiwa vipi?

Na mfano wa baba tunao, mwema kuliko wote. Alipoolewa Bibi Fatima (radhiyallahu anha), wapokezi wa sira wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipenda awe karibu naye, na sahaba Haritha bin Nu'man akatoa nyumba. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Fatima alikwenda kwa baba yake kulalamikia mikono yake iliyoumia kwa kusaga, hakumkuta. Usiku baba akaja mwenyewe nyumbani kwake, akaketi baina yake na mumewe, akawafundisha tasbihi ya kulala. Siku nyingine alifika asimkute Sayyidna Ali, akauliza, akaambiwa yametokea maneno baina yao. Hakufoka, hakumbeba mtoto wake. Alimfuata mkwewe msikitini, akamkuta amelala, akampangusa vumbi mgongoni na kumtania. Soma hapo, mama. Huyu ni baba anayeijua njia ya nyumba ya binti yake, anaingia, anaona, anatuliza. Sasa nyinyi mnaniambia baba kufika kwa bintiye ni aibu, hiyo aibu mmeipata wapi?

Lipo neno la mkwe, na hili ni la kweli kidogo. Mama mkwe kulala chini ya dari moja na mkwe wake ni mazito kwetu, na hata kwa Warufiji mkwe ana mipaka yake. Sawa. Baba aende. Baba hayupo, aende ami au mjomba au kaka mkubwa. Na kama ni mama tu aliyebaki, alale kwa jirani, au gesti ya Kibiti, asubuhi afike kwa mwanawe, anywe chai, aondoke. Aibu ya siku mbili inastahimilika.

Gharama? Jamani! Coaster mbili, sare za watu hamsini, keki ya ghorofa, kisha nauli ya baba mmoja ndiyo inayotushinda? Punguzeni watu wanne tu kwenye ule msafara, mzazi amekwenda na kurudi na chenji imebaki ya kununulia wakwe mikate ya mofa.

Kisha kuna lile ambalo haliingii kwenye bajeti. Barabarani watu huongea. Mimi nilikwenda na baba kumpeleka mdogo wangu huko huko Kibiti. Baba yetu ni mtu wa maneno machache, nyumbani salamu na magazeti basi. Tulipovuka Mkuranga akaanza kumsimulia mdogo wangu namna alivyogombana na mama mwaka wao wa kwanza, kwa ajili ya samaki. Samaki! Tukacheka mpaka abiria wa nyuma wakatuuliza kuna nini. Kibiti tukashuka, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kisha akamwambia maneno ambayo kungwi hakumfundisha: ukiudhika, sema siku hiyo hiyo, ukipigwa, usingoje mara ya pili. Ukumbini kwenye spika zile angeyasema saa ngapi?

Kule kijijini alifanya mambo madogo. Aliuliza kisima kipi ni maji baridi na kipi kina chumvi. Aliuliza zahanati iko upande gani wa maji na nani ana boti ya mashine usiku. Alipanda ngazi ya dungu, na miaka yake sitini na kitu, akakaa juu akatazama mpunga, akashuka akamsifu baba mkwe kwa shamba zuri. Wale wazee hawakukasirika hata chembe. Walimchinjia kuku, na mpaka leo wanapigiana simu kuulizana bei ya mchele.

Kabla ya kuondoka alimfungia mdogo wangu pesa kwenye pindo la kanga, nauli kamili ya kutoka pale mpaka Unguja, akamwambia isitumike kwa kitu kingine. Niliposimulia hili kwenye kikao, shoga mmoja akaruka: "Huko ni kumfundisha kuachika!" Mdogo wangu ameshaitumia nauli hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alipokuja kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama, mimba ya miezi saba, akaijua mwenyewe siku ya maji kujaa na gari ya kupanda. Mara ya pili ni mama alipolazwa. Na kila akirudi kwa mumewe, baba anaijaza tena.