Ndege Wetu: Adui ni Yupi?

Wakulima wenzangu wa Moshi,

Kila mwaka ulezi unapokaribia kukomaa katika mashamba ya chini, twasikia tangu alfajiri makelele ya watoto na mlio wa madebe. Kwelea kwelea wamekuja. Sina neno la kuwatetea. Mmoja wao hafiki uzito wa gramu 30, lakini huja kwa maelfu na maelfu, na jasho la mtu huliwa mbele ya macho yake. Naandika kwa sababu nyingine: ghadhabu hiyo twaipandisha hadi vihambani, tukawaua ndege wasiokula hata punje moja ya ulezi. Nami nilikuwa mkosaji wa kwanza. Zamani niliwapa vijana wangu ndizi mbivu kwa kila ndege waliyemwangusha kwa manati katika mibuni, nikidhani naikinga kahawa yangu.

Wataalamu walilifanyia jambo hili jaribio hapa hapa mlimani kwetu, wakatangaza matokeo yake mwaka 2014. Walichagua mibuni 180: mingine katika vihamba vya jadi, mingine katika mashamba makubwa yenye miti ya kivuli, mingine katika mashamba yaliyo wazi juani. Baadhi ya mibuni waliizungushia nyavu ili ndege na popo wasiifikie, na mingine wakaiacha. Ile iliyozuiliwa ndege na popo ilipungukiwa na matunda kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100, maana viumbe hao hula wadudu waharibuo mbuni. (Nyuki na wenzao nao walionekana kuongeza uzito wa matunda, kadiri ya 7 katika 100.) Ikiwa hesabu hiyo yadumu hadi mavuno, basi mwenye magunia 10 ya buni na ajue kwamba karibu gunia zima amelipata kwa kazi ya vibarua asiowalipa.

Jambo moja lilinishangaza. Nilitazamia kwamba katika mashamba ya jua kazi hiyo ingepungua, lakini watafiti hawakuona upungufu wa kutegemewa. Najua wako watakaosema: basi na tuikate miringaringa yote! Hasha. Ndege hajui mpaka wa masale. Aweza kulala katika mringaringa wangu, kisha akaokota kiwavi katika mbuni wa jirani. Kwa rai yangu, mwenye shamba tupu anafaidi miti ya wenzake, na siku kila mtu atakapokata yake sijui atafaidi ya nani.

Tena safari za ndege ni ndefu kuliko tudhanivyo. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo mweupe mwenye mshale wa Afrika umemchoma shingoni, naye amehifadhiwa hata leo katika mji wa Rostock. Korongo wa namna hiyo ndio tuwaonao katika nyanda zetu kati ya Novemba na Machi, wakiokota viwavijeshi na panzi. Anayempiga mawe anamfukuza msaidizi aliyetoka Ulaya kwa mabawa yake mwenyewe.

Kwelea kwelea naye hufuata mvua. Mvua za kwanza huziotesha mbegu za majani zilizolala ardhini, na chakula chake chote kikaisha. Hapo huruka kwenda mahali palipotangulia kunyeshewa, ambako majani yamekwisha kutoa mbegu mpya. Kwa hiyo hawezi kuzuiliwa na kijiji kimoja, wala na nchi moja. Dawa inyunyizwayo juu ya makundi yake huua pia kipanga na bundi, ambao hutulia panya. Kwa hiyo yafaa itumiwe pale tu penye kundi lenyewe, na ndege waliokufa kwa dawa wasiliwe kabisa.

Atakayewaona wakijenga viota katika miiba ya mashamba ya chini na aniletee habari mapema, kabla makinda hayajaruka. Vijana wangu nao nimewashusha na manati zao wakalinde ulezi.