Pima Kwanza, Mama

Jumapili moja hapa Mpendae intaneti ilitugomea. Kompyuta ilionyesha Wi-Fi imejaa, lakini mtandao hakuna, na baba watoto yuko Muscat akingoja kuzungumza nasi. Nikamgombeza kijana wangu kwamba amechezea vifaa.

Akanijibu taratibu, "Mama, tupime kwanza." Ruta hukipa kila kifaa anwani, kama mgonjwa apewavyo namba mapokezi. Kompyuta yetu ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni dalili kwamba iliomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tukaufuata waya utokao kwenye kisambazaji cha ukumbini hadi kwenye ruta. Kumbe asubuhi, nikipiga deki, niliuvuta mimi ukachomoka!

Likikupata, kaza waya pande zote mbili. Zima vyote, washa ruta, ngoja dakika 3, kisha washa kisambazaji. Ikishindikana, jaribu waya mwingine.

Baba tulimpata. Lakini kabla ya kuzungumza naye, nilimwomba mwanangu radhi. Hospitali sitibu kabla ya kupima, nyumbani nilisahau.