Mizizi ya kulalisha nayo ni dawa, iko na kipimo

Masisi na Walikale, watu wengi hawalali tena. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Mvua ikipiga bati, mtoto anaingia chini ya kitanda, anazania ni masasi. Basi mama anaenda kwa muganga wa kienyeji, anapewa mizizi, anachemsha, anakunywa, analala. Siye hatumcheki. Tunaomba tu ile mizizi ihesabiwe kuwa dawa ya kweli, yenye nguvu na yenye hatari.

Tuchukue mti mmoja wa pori zetu za Kongo, ule wataalamu wanaita Rauvolfia vomitoria. Ndugu yake wa India ulitumiwa huko tangu zamani kwa wenye wazimu na wasiopata usingizi. Mwaka 1952, watafiti wa kampuni ya Ciba, kule Basel, Uswisi, walitoa ndani ya mizizi ya ule wa India kitu walichoita reserpini. Kisha hospitali za Ulaya na Marekani zikaitumia kwa wagonjwa wa akili na wa tansio. Mti wetu nao uko na reserpini, na Zaire iliuzisha ngambo maganda ya mizizi yake. Kwa hiyo, anayesema haya ni mambo ya ushenzi tu hajui historia.

Inafanya kazi namna gani? Neva zinapelekeana habari kwa vitu fulani ambavyo zinaweka akiba. Reserpini inamaliza ile akiba. Moyo unapunguza mwendo, tansio inashuka, woga unapungua. Lakini tansio inaweza kushuka kupita kiasi, na mtu anaweza kuingia katika huzuni nzito. Ndiyo maana waganga wa Ulaya wenyewe wameiacha karibu kabisa. Sasa, mtu aliyekwisha kupoteza nyumba na ndugu, tumwongezee huzuni?

Tena, kikombe cha mizizi hakina kipimo. Mwingine anakunywa na kasiksi juu yake, mwingine anachanganya na vidonge vya tansio. Akifika kwenye kituo cha afya ananyamaza, juu anaogopa kugombezwa.

Tunasema hivi: anfirmie aulize kwa upole, « Mama, nyumbani unakunywa nini? » Muganga wa kienyeji naye aseme wazi jina la mti, na asimpe mwenye mimba wala mtoto. Wizara ya Afya iwakalishe hao wawili pamoja, isingoje hotuba za tarehe 31 Agosti, siku ya Afrika ya dawa za kienyeji.

Na tusidanganyane. Mizizi inaweza kulalisha mtu usiku mmoja, haiwezi kunyamazisha bunduki. Woga wa mtu wa Masisi ao wa Walikale si ugonjwa wa neva peke yake: uko na sababu, na wenye kuiweza ile sababu si waganga.