Kartiye isiyojihesabu, wengine watakuja kuihesabu

Mu 2014, mutu mumoja wa Kasulo, hapa Kolwezi, alikuwa anachimba mu parseli yake, akakuta kobalti. Habari haikulala. Mu muda kidogo jirani akachimba, jirani wa jirani akachimba, mashimo ikaingia mpaka ndani ya nyumba, chini ya vyumba fasi watoto wanalala. Mu 2017, serikali ya jimbo la Lualaba ikaweka kipande cha Kasulo mu mikono ya kampuni Congo Dongfang Mining, mutoto wa Huayou Cobalt ya China. Nyumba zikavunjwa, ukuta ukajengwa, na familia zenye zilikuwa pale zikapewa kuchagua: feza mu mukono, ao nyumba ku Samukinda.

Wengi wenu munajua hadithi hii kuliko sisi wenye kuiandika. Tunairudilia juu ya ulizo moja tu: nani alipanga Kasulo? Nani aliamua kama hapa itakuwa shimo, hapa nyumba, hapa njia? Kwanza bei ya kobalti njo iliamua. Kisha, jimbo na kampuni. Plani ya wakaaji wenyewe, yenye kusema hapa tutachimba, hapa hatutachimba, hapa pa shule musiguse, ile haikuonekana.

Leo mu miji yetu ya madini, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kartiye mingi iko na asosiyasio ya wakaaji. Zingine zinafanya kazi ya kweli. Zingine ziko paka jina na kashe. Ndugu musomaji, tunataka kuonyesha kama kazi ya kwanza ya asosiyasio haiko kulalamika siku bulldoza inafika. Kazi ya kwanza ni kuhesabu na kuchora kartiye mbele ya mutu mwingine kuja kuihesabu.

Zamani kampuni njo baba, njo mama

Kolwezi ilianzishwa mu 1937, juu ya migodi ya Union Minière. Muji haukukuta madini. Madini njo ilizaa muji. Kampuni ilichora mistari: kambi ya watumishi hapa, lopitali hapa, shule hapa, maji ipite huku. Kisha ikakuja Gécamines, na wazee wetu wakasema Gécamines njo baba, njo mama. Mutumishi hakuulizwa njia ipite wapi. Lakini pia hakukuwa na lazima ya kuuliza, juu njia ilikuwapo, na maji ilitoka mu robine.

Mu 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10 000 waliacha Gécamines mu ile mupango ya kuondoka kwa kujipendea. Baba akaenda, plani ikabaki bila mwenyewe. Wakati ule ule, Code minier ya 2002 ikafungulia kampuni za inje mulango, watu wakakuja kutoka kila upande kutafuta maisha, na makartiye ikaota fasi hakuna mutu alichora njia. Sheria ya kupanga miji nayo, kwa miaka mingi, ilikuwa ingali dekre ya tarehe 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabeleji. Muji wa leo, na mukanda wa babu.

Njo hapo tuko. Kampuni haipange tena kartiye kwa ajili ya mutumishi. Inapanga shimo. Na kama shimo inakuwa kubwa, kartiye inakuwa kitu chenye kiko njiani.

Mutazame Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi. Nyumba zile hazikuwa za bati na matofali ya udongo. Mingi ilikuwa nyumba za nguvu, zenye maji na kuriya. COMMUS, kampuni ya Zijin ya China pamoja na Gécamines, ilipopanua mugodi wake, familia moja kwa moja zikaambiwa kutoka. Mu Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH, asosiyasio ya hapa Kolwezi, wakatoa ripoti juu ya mambo ile. Watu walieleza kama hawakuulizwa vizuri, na kama feza walizopewa hazikufika kununua nyumba sawa ile waliacha. Wamoja wakajikuta pembeni ya muji, bila robine, bila kuriya ya kutegemea.

Sheria inajua nani?

Watu mingi wanasema: "Niko na mukanda ya parseli, hakuna mutu atanitosha." Mukanda ni kitu kikubwa, lakini tusidanganyane. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Weye unapewa haki ya kuutumia. Na Code minier inaachanisha juu na chini: haki yako juu ya parseli haikupe haki juu ya madini yenye iko chini yake. Mutu anaweza kuwa na mukanda ya kweli kabisa, na kampuni nayo ikakuja na mukanda yake ya kweli juu ya fasi ile ile.

Hata hivi, sheria haikukuacha uchi. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema Leta haiwezi kukunyanganya mali yako isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kisha kukulipa kwanza, malipo ya haki. Code minier inalazimisha kulipa mutu mwenye kuhamishwa, na reglema ya migodi ya 2018 iko na maagizo marefu juu ya kuhamisha watu: kuwauliza, kuwahesabu, kuwajengea fasi ingine. Haki iko. Shida ni nani ataidai, na atasimama na kitu gani mu mukono.

Sasa fika ku fundo yenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja fasi zenye ziko na maisha yao mbele ya sheria: muji, komini, sekteri na sheferi. Kartiye haimo. Kartiye haina budjeti, haina uwezo wa kusaini, na chefu wa kartiye ni mutumishi wa Leta, haiko mutu mulichagua. Kama kampuni inakuja kuzungumuza na "kartiye", inazungumuza na nani? Kama hakuna asosiyasio yenye wakaaji wanaijua, itazungumuza na yule mwenye alifika wa kwanza ku biro.

Na feza? Mu Code ya 2018, ku ushuru wa madini wenye tunaita redevanse, 15 ku 100 inapashwa kwenda ku komini ao sekteri fasi mugodi iko. Tena kila kampuni inapashwa kutosha 0,3 ku 100 ya mauzo yake kwa ajili ya watu wenye kuathirika na mugodi. Na iko ile mapatano yenye tunaita cahier des charges, fasi kampuni inaandika itajenga nini: shule, kisima, njia. Ile vitu vyote vitatu vinapanga udongo wa kartiye. Kisima kikiwekwa fasi mubaya, wamama watatembea kilometa mbili wakati feza imekwisha kutoka. Shule ikijengwa pembeni ya remblai, watoto watakula vumbi. Na vumbi ile haiko maneno tu. Mu 2018, wanasayansi wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven walipima watu wa Kasulo, wakakuta kobalti mingi mu mukojo na mu damu yao, zaidi sana mu watoto.

Kazi ya daftari

Asosiyasio inaweza kufanya nini? Haiwezi kufuta permi ya kampuni. Mwenye kuwaambia hivyo anatafuta kura ao anatafuta feza. Lakini inaweza kufanya kazi nne zenye hazihitaji bailleur.

Ya kwanza, kuhesabu. Avenyu kwa avenyu, parseli kwa parseli: nani ni mwenye parseli, nani anapanga, watoto ngapi, nyumba ya matofali gani, kisima, miti ya maembe, kiduka, mashini ya kusaga. Tarehe iandikwe, mwenye parseli asaini, wapangaji wasaini. Picha ichukuliwe na telefone. Juu ya nini haraka? Juu wakati wa kuhamisha watu, kunakuwa siku ya kufunga liste. Mwenye hayuko mu liste siku ile, atakimbilia biro miaka. Na liste yenye imeandikwa na kampuni peke yake inahesabu vile kampuni inaona.

Ya pili, kuchora. Haiko lazima injinia. Karatasi kubwa, njia, mifereji, fasi ya soko, makaburi, shule. Kisha watu wakae na kuamua: hapa ni njia ya ambulansi, hakuna mutu ajenge. Hapa hakuna mutu achimbe. Ile karatasi ipelekwe ku komini, na mubakishe kopi yenye kupigwa tampo ya kupokea. Bila tampo, siku moja watawaambia hamukuleta kitu.

Ya tatu, kufuatilia feza. Mu Desemba 2023, watu wa miji mikubwa ya majimbo walichagua washauri wa komini. Kolwezi nayo ilichagua. Wale washauri munawajua kwa jina, munawajua na nyumba. Muwaulize: 15 ku 100 ya mwaka huu imefika ngapi, na imefanya nini mu Dilala, imefanya nini mu Manika? Ulizo yenye kuandikwa, yenye watu makumi wamesaini, haifanane na ulizo ya mutu mumoja ku mulango wa bar.

Ya ine, kuwa na mukanda. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya maasosiyasio inaonyesha njia: statu, komite, kisha kuomba ku waziri wa haki. Njia ni ndefu na inakula feza. Lakini mwanzo wa statu unaweza kuandikwa mu mukutano mumoja, na procès-verbal yenye kusainiwa iko na uzito kuliko kelele.

Fasi asosiyasio inavunjikia

Tuseme na yenye inauma. Adui wa kwanza wa kartiye haiko kila mara kampuni. Mu nyumba moja, baba ni creuseur, anataka shimo ifunguliwe karibu. Mama anauza unga, anataka njia. Babu ni pansione wa Gécamines, anataka makaburi isiguswe. Wote watatu wako na haki. Kama asosiyasio inasema paka "tunakataa migodi", baba hatakuja ku mukutano, na ataendelea kuchimba usiku. Kama inasema paka "tuchimbe", nyumba itaanguka mu shimo. Kasulo ilituonyesha kama nyumba inaweza kuharibiwa na wenyewe mbele ya kampuni kufika. Ma-creuseur wapate kiti yao mu komite, waziwazi, na pa kuchimba na pa kutochimba paandikwe na mikono yao pia.

Kisha wapangaji. Mu kartiye za madini, wapangaji ni wengi, na ma-creuseur wengi ni wapangaji. Siku ya malipo, feza inaenda kwa mwenye parseli. Mupangaji anabeba kitanda na watoto, anaenda, na mwaka wa shule umekatika katikati. Asosiyasio yenye imeundwa na wenye maparseli peke yao itapigania nyumba, haitapigania watu wenye wanalala ndani. Sawa tena kwa wamama: kama bwana anasaini peke yake na kupokea peke yake, kuna mama atasikia habari ya malipo wakati feza imekwisha kunywewa.

Na mwisho, prezida wa asosiyasio. Tunajua hadithi: kampuni inaita komite ku biro, inatoa fanta na "transport", na kisha wiki mbili prezida ananunua pikipiki. Dawa iko ya kawaida: hakuna mutu kuenda kuzungumuza peke yake, watu watatu ao zaidi, mumoja awe mama, mumoja mupangaji. Wakirudi, wasome mbele ya watu yenye walisema na yenye walipokea, siku ile ile. Mandate iwe mifupi. Kashe iwe na funguo mbili.

Kuna wenye watasema: "Hata tukihesabu, wakubwa watafanya vile wanataka." Inaweza kutokea. Lakini mutu mwenye anapigania nyumba yake na daftari yenye tarehe, na tampo ya komini, na majina ya jirani 40, haiko mu hali moja na mutu mwenye anasimama mbele ya ukuta uliovunjika akisema "hapa palikuwa na nyumba". Avoka anapata fasi ya kuanzia. Muandishi wa habari anapata kitu cha kuandika. Na kampuni, yenye inapashwa kuonyesha wanunuzi wa Ulaya na wengine kama kobalti yake haina maneno, inapima mara mbili.

Daftari moja inanunuliwa ku soko, kalamu nayo. Siku ya Mungu, kisha misa, vijana wawili wanaweza kumaliza avenyu moja mbele ya jua kuzama. Waanze na avenyu yenye iko karibu zaidi na mugodi, juu kule njo watakuja kupima kwanza.