Kabla ya kuandika ubaoni kwamba wazazi hawajui



Kabla ya likizo ya Pasaka kalasi yetu ilipewa karatasi ya maulizo kumi, kila mumoja aulize wazazi wa kwao juu ya meno ya watoto wadogo. Tuliporudi, majibu yalisomwa mbele ya wote na kupewa pointi, sawasawa na interogasio. Tulicheka sana siku ile. Mama mumoja alijibu kwamba meno ya maziwa hayana kazi, yanaanguka tu. Baba mumoja alisema ni mududu mweupe anayekula jino. Mwishoni mwenzetu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WAZAZI HAWAJUI. Mimi nilicheka pamoja na wengine, lakini usiku sikulala vizuri. Mwalimu wetu anisamehe, neno lile silikubali.

Kwanza tutazame karatasi yenyewe. Ulizo moja lilisema: "Meno ya rangi ya udongo yanaonyesha nini?" Jibu la pointi lilikuwa "uchafu". Mama wa mwenzetu mumoja, anayekaa chini ya vulkano, alijibu: "Ni maji ya kwetu." Akapata sufuri. Kumbe yeye ndiye aliyesema kweli! Pande za Nyiragongo na Nyamulagira, maji ya mahali pengi yana fluori nyingi inayotoka katika mawe ya moto, kupita miligramu 1,5 kwa litre ambayo OMS inaweka kuwa mpaka. Mutoto akinywa maji yale wakati meno yake ya ukubwa yanatengenezwa ndani ya taya, yanatoka na madoa, na muswaki hauwezi kuyaondoa. Wangapi kati yetu tumewachekelea wenzetu wa kule kwamba hawaogi kinywa?

Tena kuna ulizo la muswaki. "Mutoto apige muswaki mara ngapi kwa siku?" Mama yangu alijibu mara mbili, akapata pointi yake. Lakini hakuna aliyemuuliza kama miswaki iko nyumbani, wala nani anayewaosha wadogo. Kwetu tulikuwa na muswaki mumoja kwa watoto watatu. Na mutoto, mpaka afike miaka saba ao munane, hawezi kujiosha vizuri peke yake, mukubwa anapaswa kumusaidia. Mukubwa huyo ni nani? Mama yuko shambani ao sokoni tangu asubuhi. Mukubwa ni mimi na wewe. Katika entrenat niliuliza rafiki watatu wa kalasi ya tano: jino la kwanza la ukubwa linatoka mahali gani? Wote walisema mbele. Hapana. Mara nyingi ni gego, linatoka nyuma kabisa karibu na miaka sita, na hakuna jino linaloanguka kulipisha nafasi. Kwa hiyo watu wanalifikiri kuwa la maziwa, wanaliacha lioze, kiisha wanaling'oa, na lingine haliji tena. Sisi wenyewe hatukujua, na sisi ndio tulikuwa tunapima wazazi.

Sasa nifike kwa jambo ambalo halikuandikwa katika karatasi hata kidogo. Wengine wanayaita meno ya plastiki, wengine meno ya uongo, kwa Kinyarwanda ni ibyinyo. Kila mutu wa kwetu anayajua. Mutoto mudogo anahara, ana homa, analia. Wanamufungua kinywa, wanaona pale pa jino la chonge ufizi umevimba na kuwa mweupe. Wanasema: ndio hayo yanamuua, yatolewe.

Mudogo wangu alikuwa na miezi mitano. Baba alikuwa safarini. Mama alimubeba, na mimi, mwenye miaka kumi na tatu, nilifuata kwa sababu fundi alitaka mutu wa kushika kichwa. Nilimushika. Fundi alitumia chuma chembamba cha gurudumu la kinga, alichokipangusa kwa kitambaa. Alitoa vitu vidogo vyeupe vinne, akatuonyesha katika mukono: "Munaona?" Tuliona kweli. Damu ilitoka mpaka usiku. Kuhara hakukusimama. Siku ya tatu, katika santre, walimupa maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, na kesho yake alianza kunyonya tena. Leo anakimbia, lakini hana meno ya chonge hata moja, na hatujui yale ya ukubwa yatatoka namna gani.

Vile vitu vyeupe vilikuwa nini? Vilikuwa mbegu za meno ya chonge yake, meno ya kweli ya maziwa, ambayo yangetoka yenyewe akifikia mwaka mumoja na nusu. Mama aliona vizuri. Uvimbe ulikuwako, mahali ni pale, umri ni ule. Alikosea neno moja tu: uvimbe haukuleta kuhara. Kuhara kulikuja kwa sababu mutoto wa umri ule anaanza kupewa uji na kutia kila kitu kinywani. Na ule uji ni mimi nilikuwa ninaupika, na maji ya bido ambayo sikuyachemusha.

Najua wengine watasema ninatetea ujinga. Hapana! Kuna watoto wanaokufa kwa damu inayotoka, kwa tetanosi, kwa sumu inayoingia katika damu. Na chuma kimoja kinachopita katika vinywa vya watoto wengi kinaweza kubeba UKIMWI. Jambo hili liachwe, na liachwe sasa. Lakini likizo hii nilimuuliza mama sababu gani hakuanza na santre. Alinijibu: "Nilianza kule. Niliwaonyesha kinywa. Walisema meno ya plastiki hayako, wakafunga kaye, wakaita mwingine. Mutoto aliendelea kulia. Fundi yeye alitazama."

Jibu hili lingepata pointi ngapi katika karatasi yetu?

Ninaomba maulizo yaandikwe upya mbele ya likizo kubwa, yawe machache, na jibu lisipewe pointi. Tuulize: mutoto akihara na ufizi umevimba, unakwenda kwa nani kwanza, na sababu gani? Tuulize: nani anaosha meno ya mudogo nyumbani, na muswaki gani? Kiisha tunyamaze, tuandike yote mzazi anayosema, hata yakijaza ukurasa. Na tukiwa pale, tusiondoke bila kuonyesha kwa mikono yetu namna ya kutengeneza maji: litre moja iliyochemushwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye kukubali apite kwangu, kalasi ya tano, saa ya mapumuziko. Karatasi nyeupe ninazo kumi na mbili, na kalamu mbili.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano